Jiko la Sebuleni

Jumatatu, 5 Mei

Mvua zinaaga. Asubuhi Ipogoro ilikuwa na ukungu mpaka nguzo ya umeme mbele ya karakana yetu ya majiko haionekani, na Halfani akapiga honi getini kana kwamba sisi ndio tulioufuga huo ukungu. Daftari hili amenipa yeye, alipewa bure kwenye duka la mbegu. Nimeamua kuandika humu yale yasiyoingia kwenye ripoti yangu ya kila Ijumaa. Ripoti inapenda maneno kama "mwitikio chanya". Humu nitasema tu.

Tuko wanne. Mimi ni Severina Kalinga, kiongozi wa timu tangu Januari, na bado mtu akiita "bosi" nageuka kuangalia anaitwa nani. Mzee Clement ndiye fundi mkuu, Msafwa wa Uyole, Mbeya. Jiko letu amelibuni yeye, na mimi mwenyewe amenifundisha yeye kukanda udongo nilipokuja hapa sijui hata kushika mwiko wa fundi. Jackline anazunguka vijijini kufuatilia majiko na kuwauliza watu maswali. Halfani, mtoto wa Iringa mjini ambaye babu zake walitoka Pangani, anaendesha gari, anauza, na anatutania wote bila ubaguzi.

Leo Bi Yasmini, mkurugenzi wetu, amepiga simu kutoka ofisi kuu Mbeya. Haongei sana huyu mama.

"Severina, nataka jambo moja tu. Yakifika maonyesho ya Nane Nane nijue kama watu wa Kilolo wanalipikia jiko lenu. Kama wanalipikia, tunawasha tanuru kubwa, tunachoma majiko ya kuuza. Kama hawalipikii, karakana ya Iringa naifunga, nabaki na biashara ya gesi huku."

Nikamwambia wanalipikia sana. Nilijibu haraka bila kuwaza, kwa sababu kila tukienda tunalikuta linawaka.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Jackline ameomba ruhusa ya kwenda kliniki, Halfani ameomba ruhusa ya kulala.

Jumanne, 13 Mei

Kilolo. Jana Jackline alipiga simu kuwaambia tunakuja, kama tunavyofanya siku zote. Huku kwetu huendi kwa mtu bila kutuma neno. Ukimvamia, akakosa cha kukuwekea mezani, umemfedhehesha, na atakumbuka.

Tulianza kwa Mama Bartholomeo. Ni mmoja wa wale tuliowapa majiko ya majaribio mwezi wa pili. Tulilikuta jiko limewashwa uani, sufuria ya makande juu yake inatokota, hakuna moshi hata wa kumfukuza nzi. Mkwe wake, bibi mzee sana, alikuwa amekaa mlangoni kajifunika blanketi, akatushika mkono mmoja baada ya mwingine, "Kamwene, kamwene," mpaka tukaisha.

Jackline akauliza maswali yake. Jiko mnalionaje? Zuri sana. Lina tatizo lolote? Halina. Mngependa tubadilishe nini? Msibadilishe kitu, Mungu awabariki. Kisha tukalishwa makande, na Halfani akaletewa kikombe cha ulanzi, pombe ya mianzi, akakikataa kwa heshima zote, mimi nikamsaidia nacho. Tulipiga picha Mama Bartholomeo anakoroga na kucheka.

Jioni nikampa Mzee Clement ile picha. Aliiangalia muda mrefu, akaibandika ukutani juu ya benchi lake. Mimi najua anachokiona pale. Mkewe marehemu, ambaye yeye humwita mama yao, alipikia mafiga maisha yake yote, na miaka ya mwisho alikuwa anakohoa na macho yamefifia mpaka anapapasa ukuta kutafuta mlango. Alikufa kabla jiko halijakamilika. Mzee aliniambia habari hiyo mara moja tu, tukiwa tunachekecha udongo, na hajairudia.

Jumatatu, 19 Mei

Kikao cha wiki. Jackline akaanza hadithi ndefu kuhusu masufuria ya watu wa Kilolo. Huyu binti akianza kusimulia, chai inapoa. Nikamwambia twende kwenye hoja. Akasema basi, si kitu.

Alhamisi, 29 Mei

Baridi imeingia rasmi. Nimevaa soksi mbili mbili. Mzee Clement amekuja na lile koti lake la sufu ambalo Halfani anasema lilipigana vita.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeandaa ripoti ya robo mwaka. Kaya zote zimeridhika. Halfani aliisoma begani kwangu, akasema, "Bosi, hata pilau ya harusi haiwaridhishi watu wote." Nikamwambia akaoshe gari.

Jumanne, 10 Juni

Nina mengi ya kuandika leo.

Tulikuwa tunakwenda kijiji cha mbele kabisa, siyo kwa Mama Bartholomeo. Manyunyu na ukungu tangu alfajiri, barabara inateleza kama imepakwa mlenda. Tairi ikapasuka, tukatoa ya akiba, nayo kumbe haina upepo. Halfani akawa hana utani wowote. Mtandao wa simu hakuna. Baridi ilikuwa ile ya kuuma masikio. Jackline akasema kwa Mama Bartholomeo ni hapo juu, tukajihifadhi. Nikasema hatujapiga simu. Akasema, "Dada Seve, tutakufa huku na adabu zetu."

Tukapanda. Hodi, hodi, kimya. Mlango wa sebuleni ulikuwa wazi, nikachungulia, na nikaliona. Jiko letu. Limekaa kwenye kona karibu na redio, limefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kile chenye maua pembeni ambacho watu wanatandika kwenye makochi. Juu ya kitambaa kuna chupa yenye waridi za plastiki.

Nikatoka nje nikazunguka nyuma. Moshi ulikuwa unatoka kwenye jiko la uani, chini ya nyasi, unatafuta njia. Ndani, Mama Bartholomeo kainama kwenye mafiga, anapuliza. Bibi kakaa karibu na moto kiasi kwamba miguu yake iko kwenye majivu. Watoto wawili wamejibana ubavuni mwake wakisubiri viazi. Juu yao, kwenye kichanja, mahindi ya mbegu yamening'inia, meusi kwa moshi.

Mama Bartholomeo aliponiona alishika mdomo. Sijawahi kumwona mtu mzima ameona aibu vile, na sababu ni mimi.

"Jamani mwanangu. Mngesema mnakuja." Akafuta mikono kwenye kanga, akataka kutoka. "Ngoja niliwashe. Nilikuwa nataka kuliwasha sasa hivi."

"Mama, acha," nikasema. "Tumelowa, tunatetemeka. Tuache tukae hapa motoni."

Tukakaa. Mimi, Jackline, na Halfani aliyekuja baadaye kalowa chapa chapa. Macho yaliniwasha mara moja, machozi yakanitoka, lakini magoti yalianza kurudi kwenye uhai. Bibi akanisogezea kigoda. Nilitaka kuuliza, jiko mnalionaje. Likanishinda. Nikauliza tu jana mlipika nini, na wapi.

Mama Bartholomeo aliangalia moto. "Jana hapa," akasema. "Juzi hapa."

"Na lile letu?"

"Lile zuri, mwanangu. Nakwambia kweli, halina kosa. Linapika upesi, kuni mbili tu, moshi hakuna. Wakati wa mvua nimelipikia." Akasogeza ukuni motoni. "Ila moto wake linaula lenyewe. Ukikaa pembeni yake, ni kama umekaa na jiwe. Baridi hii, na bibi huyu, na watoto hawa. Sasa sisi tuote nini?"

"Mbona hukutuambia?"

Akaniangalia kama nimeuliza swali la kitoto. "Mtu amekuletea kitu kizuri hivyo, ametoka mbali, amekuja na gari. Utamwambiaje?"

Viazi vikaiva. Tukala. Halfani akapata pampu kwa jirani mwenye pikipiki.

Tukageuza gari, tukatokea lami. Nilikuwa nasikia hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Jackline ndiye aliyeanza. Alisema mwezi uliopita aliona masufuria ya Mama Bartholomeo yana masizi mabichi, wakati jiko letu haliachi masizi namna ile, na kwamba alikuwa anataka kuyasema kwenye kikao.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilianza," akasema. Alisema kwa upole tu, akiangalia dirishani. Nikakumbuka zile hadithi za masufuria. Halfani akawasha redio, akaizima tena.

Jumatano, 11 Juni

Sijamwambia Mzee Clement. Ameshinda anapiga filimbi.

Ijumaa, 13 Juni

Siku ya ripoti. Nimeandika "mwitikio chanya", nikafuta. Nikaandika "changamoto ndogo za matumizi", nikafuta. Tukiwa watatu, Jackline, Halfani na mimi, tungeweza kunyamaza mpaka Nane Nane. Tungepiga simu kabla ya kwenda, tungelikuta linawaka, picha tunazo. Nimelifikiria hilo, naliandika humu ili nisijidanganye kuwa sikulifikiria. Tanuru kubwa lingewashwa, na Kilolo nzima ingekuwa na makochi yenye jiko pembeni.

Sikutuma ripoti. Nimemwandikia Bi Yasmini kuwa nitakwenda Mbeya mwenyewe wiki ijayo.

Jumatatu, 16 Juni

Leo nimemwambia Mzee Clement.

Nilipanga kusema kwenye kikao, mbele ya wote, kwa takwimu. Nikamwona anavyoingia, anavyotundika koti lake, anavyoiangalia ile picha kabla ya kushika kazi, nikaona huo utakuwa ukatili. Nikawatuma wenzangu sokoni. Nikavuta kigoda nikakaa karibu na benchi lake.

"Mzee, Kilolo jiko halipikiwi."

Hakuacha kulainisha udongo. "Linapikiwa. Picha hii hapa."

"Wanaliwasha kwa ajili yetu. Tukipiga simu."

Nikamweleza yote, mpaka waridi za plastiki. Nilidhani angecheka kwenye waridi. Hakucheka.

"Hawajui kulitumia," akasema. "Wafundishwe."

"Wanajua. Wanasema joto lote linabaki ndani."

"Ndilo nililolitengenezea!" Sasa aligeuka. Mzee Clement hajawahi kunipandishia sauti hata siku niliyovunja kalibu lake la kwanza. "Libaki ndani, liende kwenye sufuria. Kuni zipungue. Mtu asikohoe. Unataka nilitoboe liwe mafiga tena? Wewe Severina, wewe niliyekufundisha, unakuja kunambia nirudishe moshi?"

Nikasema sitaki moshi urudi. Nikasema sijui ninachotaka, najua tu nilichokiona. Alinawa mikono polepole. Akavaa koti. Akaing'oa ile picha ukutani, akaiweka mfukoni, akatoka. Nilitaka kumkimbilia, na nadhani nilikosea kutomkimbilia, ila nilijiambia kiongozi hakimbii. Ujinga mtupu. Nililia pale kwenye udongo mpaka waliporudi na mboga.

Jumanne, 17 Juni

Benchi lake tupu. Mwenye nyumba wake anasema amepanda basi la Mbeya.

Alhamisi, 19 Juni

Hakuna aliyefanya utani leo, hata Halfani. Jackline amefunika udongo wa Mzee kwa gunia bichi ili usikauke. Sikumwagiza. Mtu niliyekuwa namwona wa maneno mengi tu, ndiye aliyekumbuka udongo.

Ijumaa, 20 Juni

Mbeya. Bi Yasmini alinipokea ofisini kwake na chai ya tangawizi, nikajua hajui ninachokwenda kusema. Nikasema kabla sijainywa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Nani kakosea? Fundi?"

Hapo ndipo njia ya mkato ilipokuwa. Nikasema, "Fundi kafanya alichoombwa, na kakifanya vizuri. Mimi ndiye niliyeagiza tupige simu kabla ya kwenda, na tuwaulize watu kama wanapenda zawadi yetu. Mtu wa kwangu aliona dalili, sikumsikiliza."

"Umenipotezea msimu, Severina."

"Ndiyo."

Alizungusha kikombe chake. Akasema wengine wote wanaomwongozea kazi wanamletea habari nzuri, na yeye kila Nane Nane anashangaa habari nzuri zote zile zilikwenda wapi. Halafu akarudia sharti lake lile lile, bila kulilegeza hata kidogo. "Mniletee Nane Nane jiko lenye masizi ya mwenye nyumba. Siyo jiko safi, siyo picha. Likikosekana, nafunga."

Chai nikainywa ikiwa baridi.

Jumamosi, 21 Juni

Asubuhi, Uyole. Baridi ya kule si ya mchezo. Nilimkuta Mzee Clement uani kwa mwanawe, anachambua mbegu za viazi. Shikamoo. Marahaba. Akanionyesha gogo la kukalia.

Nilikuwa nimejiandalia hotuba njia nzima. Nikaanza: mzee, tunakuhitaji, karakana, Nane Nane. Akanikatiza. "Umemwambia Yasmini kuwa nimekosea?"

"Nimemwambia nimekosea mimi."

Akaendelea kuchambua. Nilimwambia basi kile ambacho hakikuwamo kwenye hotuba. Kwamba najua jiko lile ni la mama yao. Kwamba siku nilipoliona limefunikwa kitambaa, kilichoniumiza hakikuwa kazi yangu, nilimwona yeye. Na kwamba sina jibu, ila sitaki mtu mwingine alitafute.

Akatupa kando kiazi kimoja kilichooza. Kisha akasema, "Nipelekeni huko Kilolo. Nataka kuona hao watu wa kuota moto."

Njiani kurudi Iringa tulisimama Igawa, Halfani aliyeniendesha tangu jana akanunua mchele, akamnunulia na Mzee ndizi za kuchoma bila kuulizwa. Mzee alikaa mbele, akalala njia nzima.

Jumatano, 25 Juni

Tumekwenda bila kupiga simu. Niliona vibaya, kwa hiyo tulibeba mchele wetu, sukari na majani ya chai, tukamwambia Mama Bartholomeo kuwa leo sisi si wageni, tumekuja kupika naye. Alicheka, akasema mambo ya mjini haya.

Mzee Clement alitaka viwashwe vyote viwili, jiko lake na mafiga, mle mle kwenye jiko la uani. Jiko lake alilibeba mwenyewe kutoka sebuleni, akakikunja kile kitambaa vizuri akakiweka mahali pakavu. Akaliwasha yeye. Likawaka bila tatizo. Akaweka kigoda chake kando yake, akafungua kijitabu chake cha kuchorea, akawa anatazama. Upande wa pili bibi na watoto wamezunguka mafiga, wanakohoa, wanasimuliana.

Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni. Wali ukaiva kwanza kwa Mzee, akanitazama na ile jeuri yake ya zamani. Tukaendelea kungoja maharage. Nikamwona anasugua mikono. Kisha akapandisha kola. Kisha akasogeza kigoda kidogo, na baadaye kidogo tena, huku anazungumza na bibi juu ya viazi vya Uyole. Bibi akampisha nafasi bila kukatiza maneno.

Jackline aliniangalia, nikamfanyia ishara ya kichwa amwache. Halfani alifungua mdomo nikamkanyaga mguu.

Maharage yalipoiva Mzee Clement aliinamisha kichwa, akaiona miguu yake mwenyewe. Ilikuwa kwenye majivu ya mafiga, pamoja na ya bibi na ya watoto. Jiko lake lilikuwa nyuma ya mgongo wake, linawaka vizuri, peke yake.

Kisha akapatwa na kikohozi cha moshi, akafuta macho kwa mkono wa koti, akaendelea kuyafuta hata kikohozi kilipoisha. Bibi akampigapiga mgongoni. Akamwambia kwa Kihehe jambo ambalo mimi nilielewa na yeye hakuelewa: kwamba alie tu, motoni watu wote hutoka machozi.

Alhamisi, 26 Juni

Amekuja kabla ya wote. Ile picha ameirudisha ukutani, ameigeuza uso, na nyuma yake amechora miguu.

Jumatatu, 30 Juni

Kikao. Nimeamua niwe wa mwisho kusema, na nimegundua ni kazi ngumu kuliko kukanda udongo. Ulimi unawasha. Jackline alisimulia masufuria yake kuanzia mwanzo mpaka mwisho, chai ikapoa, nikainywa hivyo hivyo. Mzee anataka upande mmoja wa jiko uwe wa bati tupu bila udongo, ili joto litoke kwa wanaoota, na bomba lipeleke moshi nje. Mimi nilitaka mlango wa kuni uwe mdogo kama zamani. Jackline akasema, "Hapana dada, hapo unakosea, bibi anapenda kuuona moto." Aliogopa, nikamwona. Nikasema basi mlango uwe mkubwa.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, tumefanya kazi. Jiko jipya la kwanza limepasuka. Mzee anapiga filimbi tena.

Alhamisi, 10 Julai

La pili linamwaga moshi ndani. Kuni linakula zaidi ya lile la zamani, ingawa kidogo kuliko mafiga. Mzee amesema, "Liache lizile kidogo. Kuni hizo zinapika miguu." Nimeiandika hivyo hivyo kwenye ripoti ya kesho.

Jumanne, 15 Julai

Tumelipeleka la tatu. Mzee na Halfani wameliweka palepale kwenye nafasi ya mafiga, bomba limepita paani. Lile la zamani limerudi sebuleni na waridi zake. Mama Bartholomeo amesema jipya ni zuri sana, Mungu atubariki. Tumetazamana.

Jumanne, 22 Julai

Kidole cha mguu kimevimba kwa baridi. Kilolo hatujaenda. Mzee amesema tuwaache mpaka wasahau kuwa ni letu.

Ijumaa, 1 Agosti

Wiki ijayo ni Nane Nane. Leo tumekwenda wote wanne, hatujapiga simu, Halfani na kamba za kufungia mzigo, kwa sababu Bi Yasmini anataka jiko lenye masizi, na kama lipo, liko huko. Mzee alishika ile picha yake mkononi.

Tulipofika uani, Mama Bartholomeo alitusikia kabla hatujabisha hodi. Sauti yake ikatoka ndani.

"Ndio ninyi? Ingieni, nina maneno na ninyi."

Sijawahi kusikia salamu tamu kama hiyo. Alikuwa na masizi mpaka kwenye paji la uso. Hakufuta mikono, hakutafuta kikombe cha mtu. Alianza moja kwa moja. Kijimlango cha majivu ni kidogo, ameungua kidole, huyu hapa kidole. Bati linapata joto sana upande wa ukuta, amelazimika kuhamisha kapu. Na moshi mnaupeleka wote nje, sasa mbegu zake pale juu wadudu wataziacha? Zilizoea moshi. Mlifikiri nini?

Mzee Clement alikuwa ameshapiga magoti mbele ya jiko. Jeusi lote, masizi yamegandamana, mdomo umemeguka kwa kuingiziwa kuni kila siku. Bibi alikuwa mahali pake, miguu imeelekezwa kwenye bati, watoto wamemwegemea. Hakuna aliyekuwa anakohoa. Mzee alimwangalia bibi muda mrefu, kama alivyokuwa anaiangalia picha, kisha akatoa penseli. "Kijimlango cha majivu," akasema. "Endelea, mama."

Alipomaliza malalamiko yote nikajikakamua. Nikamwambia kuna maonyesho Mbeya, mkubwa wetu anataka kuliona jiko lililotumika, tunaomba tuliazime wiki moja tu, tutalirudisha.

Mama Bartholomeo akasimama mbele ya jiko.

"Hapana."

"Wiki moja, mama. Tukikosa la kumwonyesha anafunga karakana."

"Pole, mwanangu. Na huyu bibi nimweke wapi wiki nzima kwenye baridi hii? Mimi nipikie nini? Mafiga nimeshayatupa bondeni." Akaelekeza mkono nyumba kubwa. "Chukueni lile la sebuleni. Zuri, safi, la kuonyesha watu. Na kitambaa chake pia nawapa."

Halfani akaangalia kamba zake. Nikapanda kilimani kwenye mtandao, nikampigia Bi Yasmini.

"Jiko lenye masizi lipo," nikasema. "Ila haliji. Mwenyewe amekataa."

"Amekataa? Umemwambia ni la nani?"

"Nimemwambia. Anasema ni lake."

Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu. Nilidhani umekatika mtandao, nikaita jina lake.

"Nipo," akasema Bi Yasmini. "Mwache nalo. Rudini Iringa mkawashe tanuru."

Nilishuka mbio, kiongozi anakimbia. Mle ndani nikakuta Jackline anaandika habari za mbegu, Halfani amepewa viazi, na Mzee Clement bado amepiga magoti palepale. Nikamwambia. Alitikisa kichwa tu, kwa sababu Mama Bartholomeo alikuwa amekumbuka jambo jingine kuhusu bomba, na hakutaka kumkatiza.